Harusi Ndani ya Kava la Filamu ya Kutisha

Deki ya video ilipoingia nyumbani kwetu Kisauni, ikiletwa na ami yangu kutoka Uarabuni, nilinunua daftari na kuanza kuandika maoni yangu juu ya kila filamu tuliyokodi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza shule na sijapata kazi. Kila filamu niliipa mistari mitatu: yahusu nini, nani alilia au alicheka, na kama yafaa kukodiwa tena. Hii ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Duka la kaseti lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu, na mimi ndiye niliyekwenda kuchukua na kurudisha.

Maoni yangu yalikuwa makali kupita umri wangu. Filamu ya Kihindi ya mapacha waliopoteana niliiandikia hivi: "Nzuri. Lakini mama amtambua mwanawe kwa kovu, na kovu lenyewe mwanzoni halikuwapo." Ya karate: "Maadui mia, wapigana kwa zamu. Vijana wa mtaani kwetu wangemvamia wote pamoja." Ya vita vya Wamarekani: "Makelele. Mama amelala."

Za kutisha ndizo zilizonishinda. Nilizikodi kwa hamu na kuziangalia kwa kupitia tundu za leso. Ya mwisho niliyoikodi kabla ya mambo ninayotaka kueleza ilihusu familia iliyohamia nyumba ya orofa, na juu, kila walipokaa kula, wakasikia mtu akishuka ngazi mojamoja. Hatumwoni. Twaona ngazi tu. Nilidhani haitanitisha, maana nyumba yetu haikuwa na ngazi wala orofa. Juu yetu palikuwa na boriti, mabati na paka. Lakini niliandika: "Mbaya sana, isikodiwe tena," na siku tatu sikwenda uani peke yangu.

Wiki kama mbili kabla ya filamu hiyo dadangu mkubwa alikuwa ameolewa Jomvu Kuu. Siku ya kupamba, bibi harusi alipotolewa mbele ya wanawake, tulimwita mwanamke mmoja mwenye kamera ya video aje kupiga. Kwetu siku hiyo ni ya wanawake peke yao. Mlangoni huwekwa mama mmoja mkali, na akishafunga mlango mabuibui huvuliwa, nywele huachiwa, na watu wazima wenye heshima zao hucheza kama wasichana. Hata mpishi mwanamume huacha sufuria nje akaondoka.

Mama mkwe wa dadangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani cha wasichana. Sauti yake ilitosha kunyamazisha ukumbi. Kijana aliyemwoa dadangu alikuwa mwanawe wa pekee, na siku ile furaha ilimzidi: alivua buibui mlangoni, akafunga leso nyekundu kiunoni, akaingia akicheza chakacha tangu kizingitini hadi kwenye jukwaa. Mwenye kamera alikuwa ndiyo kwanza anaiwasha. Kwa hiyo kaseti ya harusi ilianza na yeye, peke yake, kichwa wazi, dakika nzima na zaidi, kabla haijaonyesha mtu mwingine.

Alipomaliza alimvuta mamangu pembeni. Nilikuwa karibu nao, nikasikia.

"Mkwe, ile kamera imenipiga."

"Ni ya wanawake, mkwe. Hata fundi wake ni mwanamke."

"Niapie."

Mama aliapa. Alisema wallahi kaseti ile haitaonwa na jicho la mwanamume, na kama ikionwa, hana uso wa kumtazama tena. Wakakubaliana ikae kwetu wiki tatu ili wanawake wa upande wetu waione, kisha yule mwalimu aje mwenyewe kuichukua, siku ya Ijumaa.

Jumanne ya wiki hiyo ya tatu, baada ya adhuhuri, wanawake wa mtaa walijaa sebuleni kwetu. Tuliangalia kwanza filamu ya ngazi, kwa kuwa nilikuwa nayo bado na wote walitaka kuona kilichonitisha. Kisha tukaweka ya harusi, na ile ya ngazi ikatiwa ndani ya kava la kwanza lililopatikana. Hatujafika katikati ikasikika mlangoni sauti ya ami, "Hodi! Nina wageni!"

Sijapata kuona watu wazima wakiruka vile. Buibui la huyu lilivaliwa na yule. Mama aliitoa kaseti kwenye deki, akaidumbukiza kwenye kava lililokuwa karibu na mkono wake, akalisukuma nyuma ya televisheni. Ami na wageni wake walipokwisha kunywa kahawa na kuondoka, Mama alichukua kava jeupe la harusi, lililokuwa na kaseti ndani yake, akalifungia sandukuni chini ya leso zake mpya, akavaa ufunguo shingoni.

Kaseti zote mbili zilikuwa nyeusi, hazina karatasi. Mwenye duka alibandika namba kwenye makava tu, kwa sababu karatasi za kwenye kaseti zilikuwa zikibanduka ndani ya deki za watu na kuziharibu. Jumatano asubuhi nililichukua kava la filamu ya ngazi, nikalitikisa, nikasikia lina kitu, nikalirudisha dukani. Mimi niliyekuwa nikiwasahihisha Wahindi kwa makovu yao sikulifungua.

Alhamisi dadangu alikuja kutuona. Mumewe alikuwa kazini, na mama mkwe wake angekuja kesho yake kumchukua yeye pamoja na kaseti. Alitaka ajione mara moja kabla haijaondoka. Mama akafungua sanduku, nikaweka kaseti, tukakaa watatu kwenye mkeka.

Zikatokea ngazi.

Filamu ile ile, sehemu ile ile, taa ndogo na ngazi za mbao, na mguu usioonekana ukikanyaga ya kwanza. Jumanne niliogopa ngazi zile kwa ajili ya watu wa kwenye filamu. Alhamisi niliziogopa kwa ajili yetu. Dada ndiye aliyeelewa kwanza. Aligeuka akanitazama.

"Ulirudisha nini jana?"

Nilikwenda kwenye daftari, eti nitafute jibu humo. Mama alikuwa ameshasimama anatafuta buibui.

"Nitarudishwa," Dada alisema. "Mama, kesho aja. Nitarudishwa kwetu na sijamaliza hata mwezi."

"Nyamaza kwanza," Mama alisema, akijifunga ushungi huku akielekea mlangoni.

Tulimwacha Dada nyumbani. Mama alitia filamu ya ngazi ndani ya kikapu chake, tukatoka. Njiani nilijaribu kulipanga jambo kwa utaratibu, maana ndivyo ninavyojituliza: kama kaseti iko rafuni, hakuna aliyeiona. Kama imetoka, imetoka kwa nani? Kama ni mwanamume, ameiweka? Kila jibu lilinifikisha kwenye leso nyekundu.

Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Hakuwa na desturi ya kuandika nani amechukua nini. Ukikodi, ulimwachia kitambulisho, naye akakichomeka rafuni mahali pa kava ulilochukua. Kwa hiyo kabla Mama hajamaliza salamu nilishaona. Mahali pa filamu ya ngazi palikuwa na kitambulisho, na kwenye kitambulisho, picha ya mwanamume.

"Ile ya kutisha aliyoirudisha mwanangu jana," Mama alisema. "Twaitaka tena."

"Imetoka, mama. Jana hiyo hiyo, jioni."

"Wewe mwenyewe uliitazama?"

"Mimi?" Alicheka. "Hizo za mashetani mimi siziwezi, mama, nina roho ndogo. Naitia kwenye kimashine changu hiki nairudisha mwanzo, basi. Kwani ina nini?"

Mama hakuweza kumwambia ina nini. Naye alikuwa mwanamume.

"Huyu mtoto," alisema akinionyesha kwa kidole. "Ajipendea mashetani. Hali, halali."

Mwenye duka alinitazama kwa huruma. "Soma Ayatul Kursiyyu, binti. Aliyeichukua akaa Ziwa la Ng'ombe, nyumba ya vyumba vya kupanga, yenye bati jekundu, kando ya kisima. Mtu wa bara, afanya kazi bandarini. Mpole. Lakini si mngoje tu arudishe kesho?"

"Kesho ni mbali," Mama alisema.

Tulikwenda kwa miguu. Mama, ambaye kwa kawaida husimama kila mlango kujuliana hali, alipita watu bila kuwaona, na walioitikia salamu zangu walibaki wakitutazama migongo. Mara tatu Mama alisema, "Labda hana deki." Nikawaza: Nani akodi kaseti na hana deki?

Bati jekundu tuliliona kwa mbali. Tulipofika kisimani nikasikia vigelegele.

Nilidhani kuna harusi mtaani. Kisha ikaja sauti ya mwanamke akianzisha wimbo, sauti ya kukwaruza kidogo mwishoni mwa kila mstari, na nikaijua. Ilikuwa sauti ya mamangu. Mamangu alikuwa kando yangu, kikapu mkononi, mdomo umefumba, na sauti yake ilikuwa ikitoka kwenye dirisha la watu tusiowajua. Alinishika mkono juu ya kiwiko. Alama za vidole vyake zilikaa hadi siku ya pili.

Mama alipiga hodi ambayo haikusikika, akapiga nyingine. Pazia likafunguliwa na mwanamke kijana aliyembeba mtoto.

"Karibuni, mama! Ingieni tu, tumebanana kidogo."

Ndani walikuwamo wanawake wengine watatu wa nyumba ile na watoto wao, wamekaa kitandani na sakafuni. Hakukuwa na mwanamume. Nilitazama nyuma ya mlango, nikatazama hata chini ya meza. Kwenye televisheni dadangu alikuwa jukwaani, kichwa wazi, hina hadi kwenye viwiko, anatazama chini kama bibi harusi atakiwavyo.

Mama alikwenda akasimama mbele ya kioo, mgongo kwa dadangu, kama mtu azuiaye mvua isiingie dirishani.

"Izime, mwanangu. Tafadhali. Huyo ni binti yangu."

Yule mwenye chumba alibonyeza, picha ikakatika. Mama akamweleza, kwa ufupi, nani ni nani na kava limekosewa vipi. Wale wanawake wakatazamana. Mmoja, mnene, akashika kifua.

"Woi, mama. Kumbe ni harusi tu? Sisi tulikuwa tunangoja shetani!"

"Shetani gani?"

"Si kava linasema ni ya kutisha? Tumekaa hapa na roho mkononi. Kila mtu akiingia mlangoni tunasema, huyu ndiye. Huyu bibi harusi amekaa hivyo haongei, hacheki, mimi nikasema sasa anageuka, sasa ananyonya mtu damu!"

Walicheka, na watoto wakacheka kwa kuwa mama zao wamecheka. Mimi nilikaribia kucheka pia. Mama hakucheka.

"Na bwanako?" alimwuliza mwenye chumba. "Yeye ameiona?"

Kicheko kikaisha.

"Jana stima zilipotea, hatukuangalia. Leo mchana aliiweka kabla ya kwenda kazini. Alikaa kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Kikombe cha chai. Alimwona yule mama wa leso nyekundu akiingia akicheza. Hata kabla hawajaingia wengine, akasema hii ni mambo ya wamama, akachukua kofia yake akaenda."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Katika wanawake mia na zaidi waliokuwa kwenye kaseti ile, wote wamestirika ila mmoja, na ndiye yule ambaye Mama alimwapia.

"Anacheza, yule mama," mwanamke mnene alisema, akidhani anatufariji. "Tulirudisha nyuma mara mbili tumwone tena."

Yule mwenye chumba aliifunga kaseti yetu kwa kitambaa safi, akampa Mama kwa mikono miwili na kusema pole. Mama akatoa ya ngazi kikapuni.

"Hii ndiyo yenyewe."

"Ya shetani?"

"Ya shetani."

"Basi ningebaki na ile ingine," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile Mama akamgusa mtu kwa upole. Alimpapasa mtoto kichwani.

Nyumbani Dada alitaka kujua jambo moja tu: kama kuna mwanamume aliyeiona. Tulipomwambia, alisema, "Basi yamekwisha. Yule mtu hamjui mwalimu, mwalimu hamjui yeye. Mama, nyamaza."

"Nimeapa."

"Umeapa wewe, nitarudishwa mimi."

Mimi nilikuwa upande wa Dada. Nilisema kwamba hatutasema uongo, hatutasema kitu tu, na hayo ni mambo mawili. Mama aliniangalia kwa muda, akaniambia niteke maji. Usingizi ulituruka wote watatu, na hata adhana ya alfajiri ilituogopesha, kwa sababu ilikuwa adhana ya Ijumaa.

Mwalimu alifika baada ya alasiri. Alikaa, akaitikia shikamoo zetu, akanywa kahawa kikombe kimoja, akauliza hali za watu mmoja mmoja. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mkoba wake wa nguo miguuni. Kila aliposikia kikombe kikigusa kisahani alishtuka.

"Haya, mkwe. Amana yangu."

Mama aliweka kaseti kwenye mkeka katikati yao. Nilimwomba Mungu afumbe mdomo wake.

"Kaseti ndiyo hii," Mama alisema. "Lakini sikuichunga."

Akaanza kueleza, akafika kisimani, akashindwa, akafuta macho kwa ncha ya leso. Yule mwalimu hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Nawe ulikuwapo?"

"Abee. Nilikuwapo."

"Sema. Usiongeze na usipunguze."

Nikasema. Sijapata tena katika maisha yangu kutoa habari kwa woga kama ule. Nilianzia Jumanne, nikaja Jumatano, nikataja kava, kitambulisho, chumba, wanawake wanne, kikombe cha chai. Nilipofika pale walipokuwa wakingoja shetani nilinyamaza.

"Mbona umekata?"

Nikalisema hilo pia. Nikasema na la kurudisha nyuma mara mbili. Dada aliweka mkono ukutani.

"Na huyo mwanamume alisemaje?"

"Alisema ni mambo ya wamama, akenda kazini."

"Alifukuzwa, au alitoka mwenyewe?"

"Alitoka mwenyewe."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni, nami nikawa nahesabu mapigo. Kisha mwalimu akasema niirudishe kaseti mwanzo na niiwashe. Alisimama mbele ya televisheni na buibui lake, ushungi umebana uso, akajitazama akiingia na leso nyekundu. Alijitazama hadi mwisho, wanawake wengine walipoanza kuingia. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilitazama mikono yake, nayo haikutikisika.

"Zima hapo hapo. Nipe mkasi."

Nilimwonyesha namna ya kukifungua kile kifuniko cha mbele, kama nilivyomwona mwenye duka akifanya kaseti zikitafunwa na deki. Aliuvuta utepe wa mwanzo, wote uliokuwa umepita, akaukata pande mbili. Kipande chake akakizungusha kwenye vidole hadi kikawa kama kishada kidogo cheusi, akakitia mkobani mwake. Ncha mbili zilizobaki alinipa mimi nizigandishe kwa utepe wa gundi. Niligandisha vibaya, nikagandisha tena.

"Wengine hawakuonwa," alisema. "Hiyo ni yao. Ibaki hapa." Kisha akamwambia Mama, bila ukali na bila upole, "Kiapo ni chako na Mola wako. Walishe masikini kumi, na ukishindwa, funga siku tatu."

"Inshallah, mkwe."

"Na uniangalie. Uliapa hutanitazama tena. Nitakunywaje kahawa kwa mtu asiyenitazama?"

Mama aliinua uso. Sijui aliona nini, maana mimi nilikuwa nimeinama.

Yule mwalimu alivaa viatu mlangoni. Dada hakusogea. Hakuna aliyemwambia abaki na hakuna aliyemwambia aende, na ule muda, mfupi kama ulivyokuwa, ulinitisha kuliko kisima na vigelegele vyake. Mwalimu alifika barazani, akageuka.

"Wewe wangoja nini? Basi la Jomvu halingoji bibi harusi."

Dada alivaa buibui mbele nyuma, akalivua, akalivaa tena. Tulitoka hadi barazani kuwatazama. Walikwenda mbali kidogo wakiongozana, mwalimu mbele, Dada nyuma. Walipofika kwenye kona mwalimu alisimama, akautoa mkoba wake begani, ule wenye kile kipande cha utepe, akampa Dada aubebe.